Laigen Amvusha Mpwa Wake

Ukimtaja Qiu Laigen kwenye vichochoro vya Suzhou, mji wa mifereji, watu hucheka kidogo kabla ya kukujibu, na kicheko chao hakina ubaya. Ni yule mwenye mguu mmoja mfupi, anayesimama nyuma ya mashua bapa akiopoa kwa wavu maganda ya tikiti, majani ya kabichi na viatu visivyo na wenzake. Wanawake wanaofua kwenye ngazi za mawe humchokoza.

"Laigen, leo umepata mchumba?"

Naye huinua kiatu kinachochuruzika maji. "Nimepata mguu wake mmoja. Huo mwingine mmeuficha wapi?"

Mguu wake aliuvunja utotoni, ulipobanwa kati ya mashua ya baba yake na ukuta wa mfereji. Nchi kavu anachechemea. Ndani ya mashua huoni kasoro yoyote. Inayumba, yeye amesimama wima kama nguzo. Mungu akikunyima hapa hukupa pale.

Wazazi wake walikufa mapema, akabaki na dada yake mdogo, Aidi. Alimlea humohumo mashuani, akimfunga kamba kiunoni asitumbukie, akimpikia wali kwenye jiko la udongo, akimsuka nywele kwa vidole vinavyonuka tope. Mtoto akakua, akapendeza, akaolewa na kijana wa ukoo wa Tang, wenye duka la chai karibu na Minara Pacha. Laigen alilia siku ya harusi, akasingizia moshi wa fataki.

Mama mkwe wa Aidi, Bibi Pan, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mjane aliyeshika nyumba yake kwa heshima, akaogopa kila kitu kinachoweza kuipunguza heshima hiyo. Akisema "watu wa mashua", alilisema neno hilo kama mtu anayeinua pindo la nguo asikanyage tope.

Aidi akajifungua mtoto wa kiume. Kwa desturi ya mji, mtoto akitimiza mwezi, kinyozi humnyoa, kisha ndugu wa kiume wa mama yake humbeba chini ya mwavuli, akamvusha madaraja matatu hadi Hekalu la Xuanmiao. Mjomba ndiye huchagua njia. Na wakishaanza safari hawarudi nyuma hata hatua, maana anayerudi hurudisha bahati ya mtoto.

Asubuhi ya siku hiyo Laigen alifika na koti lake jipya, akasikia sauti jikoni, walikokuwa wakipaka mayai ya sherehe rangi nyekundu. Akasimama mlangoni.

"Mpwa wangu Zhonglin ana miguu miwili mizima," Bibi Pan alikuwa anasema. "Madaraja yetu yana mgongo kama ngamia. Mjukuu ninaye huyu mmoja tu."

"Mama, mjomba wake pia ni huyo mmoja tu," Aidi akajibu, macho kwenye mayai. "Akibebwa na Zhonglin, mtaa mzima utasema mama yake hana kwao. Mikono ya kaka ndiyo iliyonilea mimi juu ya maji. Nilianguka?"

Bibi Pan akaliweka yai kwenye bakuli.

"Haya," Bibi Pan akasema. "Lakini Zhonglin anakuja nasi. Kaka yako akijikwaa, au njia ikimshinda, Zhonglin anampokea mtoto, na maneno yaishie hapo."

Laigen akaenda kwenye kisima cha uani, akanawa mikono upya ingawa ilikuwa safi.

Wakatoka Minara Pacha yeye na mtoto mbele, mume wa Aidi akiwashikia mwavuli, Aidi pembeni, na nyuma kabisa Bibi Pan na Zhonglin, kijana mnene mwenye viatu vilivyong'aa. Daraja la kwanza Laigen alilipanda kiubavuubavu kama kaa, akipapasa kila jiwe kwa soli kabla ya kuliamini. Wazee wa kilabu cha chai wakachungulia dirishani.

"Laigen! Leo umeopoa samaki gani?"

"Samaki kipara!"

Wakaangua kicheko, hata mume wa Aidi akatikisa mwavuli. Bibi Pan hakucheka. Alikuwa akiiangalia ile miguu. Daraja la pili nalo likapita salama. Wakashika njia nyembamba ya kando ya mfereji, yenye midomo miwili tu, daraja la pili nyuma na la tatu mbele.

La tatu lilikuwa limefungwa.

Mafundi walikuwa wameng'oa mawe ya katikati, likabaki shimo na ubao mmoja wa kupitishia vifaa. Jana tu Laigen alipita chini yake kwa mashua. Aliona kamba zinaning'inia, akadhani wanang'oa majani kwenye nyufa. Miaka yote hiyo madaraja aliyajua kwa matumbo yao, na alipochagua njia hakufikiria kuuliza habari za mgongo.

"Mjomba mtu," Zhonglin akasema, "hukuja kutazama kabla?"

"Nilitazama. Kwa chini."

"Kwa chini!" Bibi Pan akashika kifua. "Nyuma haturudi, mbele hakupitiki. Zhonglin, wewe mwepesi, mchukue mtoto upite kwenye ule ubao."

Zhonglin akautazama ubao, akalitazama tumbo lake. "Mimi, shangazi?"

Bibi Pan akanyoosha mikono. "Basi nipe mimi mjukuu wangu. Njia imekushinda, tulikubaliana."

Aidi alimtazama kaka yake tu, kama alivyomtazama alipokuwa na kamba kiunoni, na Laigen akajua kwamba akimtoa mtoto hapo, dada yake atakula chakula cha nyumba ile ameinamisha kichwa maisha yake yote.

"Bado, Mama," akasema kwa upole. "Nipe muda kidogo."

Akageuza uso kwenye gati, walipokuwa wamekaa wenzake wa kazi wakila wali.

"Lu! Leteni mashua! Zote!"

Lu, jitu la sauti nzito, akasimama na bakuli mkononi. "Kuna nini, moto?"

"Nataka daraja!"

Lu akacheka mpaka wali ukamtoka puani. "Inukeni, wavivu! Mjomba anataka daraja!"

Wakaja wakizipanga mashua ubavu kwa ubavu, kutoka ukuta huu hadi ule, wakachomeka pondo zao, miti mirefu ya kusukumia mashua, kwenye tope na kuzifunga kwa kamba, huku wakitukanana kwa mapenzi. Juu ya takataka wakatandika mikeka, na mikeka ilipoisha wakavua makoti.

"Hilo si daraja," Bibi Pan akasema. "Ni mashua. Mtoto lazima avuke kwa miguu ya mjomba wake, si kwa chombo."

"Nitavuka kwa miguu yangu, Mama. Zimefungwa, haziendi popote. Maji yanapita chini, mimi na mtoto tunapita juu. Wewe hilo ungeliitaje?"

Ng'ambo, mwanamke aliyekuwa anaosha mchele ngazini akapaza sauti: "Ee Bibi Pan, livuke basi! Mchele wangu utaota hapa nikikusubiri!"

Watu wakacheka, na Bibi Pan, ambaye hakupenda kuchekwa, akapunga mkono. "Nenda."

Laigen akashuka ngazi, akakanyaga mashua ya kwanza. Ikayumba, naye akanyooka. Akapita ya pili na ya tatu, mwendo wake laini, mabega sawa, mtoto amelala kifuani haelewi kitu. Hakutazama chini hata mara moja. Bibi Pan aliyaona hayo. Alisahau kushika kifua chake.

Aidi na mumewe wakafuata. Zhonglin akateleza, mguu wake na kiatu king'aacho vikaingia majini hadi gotini.

"Usijali, bwana mdogo," Lu akamwambia, "kikizama Laigen atakiopoa kesho."

Akabaki Bibi Pan, ambaye tangu azaliwe katika mji ule wa maji hakuwahi kukanyaga mashua. Lu akampa mkono. Akaukataa, kisha mashua ikacheza naye akaudaka kwa mikono yote miwili. Akavuka akinong'ona sala, na alipofika ngazi za ng'ambo akageuka akawaambia wale wanaume, kwa sauti ndogo, "Jioni mje kula tambi za mwezi mmoja wa mtoto. Wote."

Safari iliyobaki ilikuwa ya barabarani tu. Laigen akachechemea tena kama kawaida yake, na safari hii Bibi Pan akatembea pembeni yake badala ya nyuma. Kwenye lango la hekalu harufu ya ubani ikamwamsha mtoto, akalia kwa nguvu, uso mwekundu. Laigen, ambaye hakujua mtoto wa nyumba kubwa hubembelezwaje, akamgeukia Bibi Pan amkabidhi.

Bibi Pan akaficha mikono kwenye mikono ya koti lake.

"Mbembeleze wewe, mjomba mtu," akasema. "Hatujaingia ndani bado."