Machungwa ya Chini

Marehemu baba alikuwa na neno moja kuhusu shamba letu la Maramba: chungwa likidondoka, si letu tena. Ni la mpita njia. Alipofariki, mama akalishika neno hilo kama wasia. Machungwa ya chini hatuokoti, hatuuzi. Anayepita anajiokotea, na thawabu zinamwendea baba.

Shida ilikuwa nondo. Kidudu chenyewe cha kijivu, hakifiki hata ukucha wa kidole cha mwisho, lakini funza wake hutoboa chungwa, nalo huiva kabla ya wakati na kuanguka. Kisha funza hutoka, huingia udongoni, na kurudi juu akiwa nondo mwingine. Bwana shamba alishasema: yaokoteni yote, yafukieni. Mama hakutaka hata kusikia.

"Nifukie sadaka ya mume wangu?"

Mimi nina hasira za karibu. Jumamosi moja nilitoka kwangu Nguvumali nikiwa nimeshajaa. Nikamwamkia, nikachukua kisu, nikakaa mkekani mbele yake na kuanza kupasua machungwa ya chini. La kwanza, funza. La pili, funza. La tatu vilevile, wa rangi ya waridi, anajinyonganyonga. Nilikuwa nimefika la saba aliponishika mkono.

"Basi, mwanangu." Akayatazama. "Kumbe siku zote nawalisha watu funza, nasema namtolea sadaka baba yako? Na wao wananistahi tu, hawasemi."

Akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Niliona aibu mpaka nikatamani kuyaunga yale machungwa. Nilitaka kumshinda, sikutaka kumliza.

Sikurudi kwa wiki tatu. Kazi, nilisema. Niliporudi nilikuta chini ya miti peupe, shimo limeshafukiwa, na kando ya njia kikapu kimejaa machungwa ya ule mti wa mlangoni, mtamu kuliko yote, ambao hata sisi wanawe tulikuwa tukiuibia. Aliyachuma mwenyewe kwa upembo, moja moja.

Nilikuwa na kiu ya safari. Nikainama, nikachukua moja.

"Rudisha!" akaita kutoka uani. "Hayo ya wapita njia."

"Moja tu, mama!"

"Wewe si mpita njia. Lako liko ndani. Kila Jumamosi nakumenyea."