Alinunua Chini, Hakununua Juu

Juzi redio ilitangaza kwamba yule tajiri wa majumba na bustani za michezo amefariki. Mtangazaji akasema marehemu aliwaletea furaha watoto wote wa Pwani. Nilikuwa Kona ya Musa nikinywa chai. Nikasema inna lillahi kama wenzangu, kisha chai ikanishinda.

Kaa, ndugu yangu, nikueleze. Nyanya yangu alikuwa na minazi kule Diani ambayo, wallahi, ingeilisha Kwale nzima na Tanga wakapelekewa masalio. Wali wake ulinukia mpaka Gazi. Kazi yetu watoto ilikuwa kukusanya nazi zilizoanguliwa, kuwapa kuku machicha, na kupigania ukoko.

Sasa, ardhi haikuwa yake. Ilikuwa ya jirani. Minazi aliipanda babake nyanya kwa idhini ya wenyewe. Kwetu hilo si ajabu: udongo wa huyu, mti wa yule, na wote wanasalimiana. Kwa hivyo jirani alipomuuzia tajiri, nyanya hakushtuka. Tajiri mwenyewe alikuja, akavua viatu, akaketi mkekani, akamaliza madafu mawili.

"Mama, mimi nimenunua chini, sikununua juu. Minazi ni yako."

Nyanya akamwombea dua ndefu kuliko ya Idi. Karatasi hakuomba, neno la mtu aliyevua viatu lilimtosha.

Uzio ukajengwa. Yakaja magari ya kugongana, treni ya kuzunguka pale pale, na gurudumu refu ambalo tuliapa kwamba ukifika juu unagusa tumbo la ndege. Msimu wa kuangua ulipofika, nyanya akaenda na mkwezi wake na vikapu. Askari wa lango akawazuia, eti nazi zitawaangukia watoto. Tukasimama juani hadi tajiri alipotokea, mpole vile vile, shikamoo yake mdomoni. Akatoa tiketi za bure, akamwambia nyanya aingie apande na wajukuu.

"Nimekuja kuangua, mwanangu. Sikuja kubembea."

Akacheka, akasema jambo hilo atalitengeneza. Na kweli akalitengeneza. Wiki ile ile mafundi waliikata minazi yote vichwa, wakayapaka mashina rangi, wakayavika taa. Nyanya alipomshtaki kwa mzee wa mtaa, tajiri alijibu kwa adabu zote kwamba minazi ya mama ipo, hakuna aliyeing'oa, na akitaka aje aihesabu.

Tiketi tulizitumia, watoto ni watoto. Gurudumu liliposimama kule juu, niliiona nyumba yetu yote: paa la makuti limeanza kutoboka, na nyanya yuko uani, anapasua nazi ya dukani. Aliionja, akaitema.

Bustani yenyewe haikudumu. Tajiri aliibomoa, akajenga majumba ya kupangisha, akaenda kufungua nyingine kwingine, huenda penye nyanya mwingine. Leo ukipita pale hukuti gurudumu wala shina. Ni ukuta mrefu na mbwa wakali.

Nyanya aliishi miaka mingi baada ya hayo. Kila msimu alimtuma mtu amwite mkwezi, aje aangue minazi yake. Nasi tulikuwa tumeshazoea kumjibu, "Naam, nyanya, yuko njiani."