Kinyongo cha Miaka Tisa

Roda alikuwa amechoka, na si uchovu wa jembe. Jembe alilizoea tangu utotoni huko huko milimani Ileje, ambako shamba la maharage limeinama hata ukidondosha kibuyu unakifuata bondeni. Kilichomchosha ni fikra moja. Ilimwamkia kila alfajiri kabla hajafumbua macho, maneno yale yale: angempeleka mapema, mtoto angekuwepo.

Wa kumpeleka alikuwa wifi yake Tupokigwe, dada wa mumewe. Mwaka 1994, baada ya mavuno, Roda alipanda lori kwenda kuuza maharage Tunduma, mpakani na Zambia, akamwachia Tupokigwe mwanawe Anyosisye, wa miaka minne. Siku ya pili homa ilimpanda mtoto kweli kweli. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu na jua lilikuwa linazama, kwa hiyo Tupokigwe akangoja kupambazuke. Kulipopambazuka alimbeba mgongoni, lakini hawakufika. Roda aliporudi na sukari na viatu vidogo vya plastiki, alikuta watu wamejaa uani.

Hakumlaumu mtu kwa mdomo. Aliendelea kumsalimia wifi yake, kulima naye, kula ugali aliousonga. Moyoni alimhukumu kila siku, na kila siku hukumu ilianza upya. Ni kazi ya kuchosha kuliko watu wanavyodhani, kumchekea mtu huku unamshitaki.

Si kwamba hakupigana na fikra ile. Alifunga, akaomba. Alikwenda kwenye kongamano la akina mama Tunduma, ambako mhubiri mgeni aliwafundisha kwamba akili ni kama mpaka: kila wazo lisimamishwe getini, likaguliwe, na lisilo la Mungu lirudishwe lilikotoka. Akina mama wakapiga makofi. Roda naye alipiga, ila alijiuliza kama mhubiri yule alishawahi kukaa Tunduma hata wiki moja. Malori yanasimama getini, sawa, tena yanapanga foleni mpaka madereva wanaota ndevu. Mzigo wenyewe unapita njia za panya, nyuma ya nyumba za watu, kichwani. Fikra yake ilikuwa mzigo wa namna hiyo.

Hata hivyo alijaribu. Kila ilipokuja alimshukuru Mungu kwa jambo moja, kisha akafunga fundo kwenye pindo la kanga ajue imekuja mara ngapi. Kufikia saa sita mchana kanga ilikuwa haivaliki.

Na kanisani kwao kulikuwa na desturi iliyomtesa zaidi. Katika wiki ya kabla ya Meza ya Bwana, kila mshirika alipita kwa mzee wa kanisa, mmoja mmoja, aulizwe: una kinyongo na mtu? Asiyepita hakaribii Meza, na asiyekaribia Meza, kijiji kizima kitataka kujua kulikoni. Miaka tisa Roda alijibu, "Sina, mama," kwa bibi kizee mmoja aliyesimamia upande wa wanawake, kisha akala mkate ule kwa woga. Mwaka 2003 bibi yule alipumzishwa kwa uzee. Akina mama wakamchagua Tupokigwe.

Roda aliwaza kujifanya mgonjwa. Siku ya mwisho, Alhamisi, ndipo alipokwenda, kwenye chumba kidogo nyuma ya kanisa.

"Karibu, wifi."

"Asante, wifi."

Waliulizana habari za baridi na za mashamba. Kisha Tupokigwe akatazama sakafu na kuuliza kama ilivyompasa, "Una kinyongo na mtu?"

Roda alifungua mdomo aseme sina. Uchovu ukamshinda.

"Na wewe," alisema. "Tangu Anyosisye."

Tupokigwe hakushtuka. "Sema, wifi. Nakusikiliza."

Miaka tisa Roda alikuwa ameliweka tayari neno lile la angempeleka mapema. Likagoma kutoka. Likatoka lililokuwa limejificha nyuma yake.

"Asubuhi ile nilimshika paji la uso. Alikuwa na joto. Lori lilikuwa linapiga honi, nikaondoka."

"Najua," Tupokigwe alisema. "Uliponikabidhi, na mimi nilimshika."

"Hukumwambia mtu?"

"Ningemwambia nani? Ulikuwa umefiwa." Akakunja ncha ya kitenge chake. "Na mimi nilingoja asubuhi. Hilo nalo najua."

Roda aliona aibu, akalia. Kumbe mtu ambaye yeye alimshitaki ndiye aliyekuwa akimsitiri. Tupokigwe alianza kuomba, akakwama katikati, akaacha. Wakakaa hivyo mpaka mama aliyekuwa akisubiri zamu yake nje akakohoa.

Jumapili walikaribia Meza pamoja. Jumatatu alfajiri fikra ikaja tena, kwa sababu mazoea ya miaka tisa hayakomi kwa siku nne. Ila haikuja na jina la Tupokigwe, na Roda hakuifukuza wala hakufunga fundo. Alimwambia Mungu, nilimwacha ana homa. Baada ya muda akamwona Anyosisye mwenyewe, mzima, amekaa kizingitini anakula maharage punje moja moja, akiyahesabu kwa sauti: moja, mbili, nne. Kwa miaka tisa Roda alikuwa amesahau kwamba mwanawe alikuwa akiiruka tatu.