Magunia ya Mama

Harufu ya gunia la mkonge lililolowa hunirudisha utotoni mpaka leo. Juzi mvua ilinikuta sokoni Korogwe, nikajibanza penye magunia ya mahindi, na machozi yakanitoka bila kuniaga. Muuzaji alidhani nimefiwa. Hakukosea sana, ila msiba wenyewe ni wa zamani.

Baba yangu alikuwa fundi wa pampu na jenereta. Karakana yake ilikuwa chumba cha uani kwetu Makuyuni, bati juu, bati ubavuni, na kiangazi kikikolea hata spana iliunguza mkono. Mama, mzaliwa wa Vugiri kwenye ukungu, hakulizoea joto lile kamwe. Ndiye aliyebuni dawa yake: akatundika magunia mlangoni na dirishani, tukawa tunayamwagia maji kila yakikauka. Upepo uliopenya humo ulikuwa umepoa.

"Mama Zaina, umenihamishia Vugiri," baba alimtania. Mama alijivunia sana magunia yale, nami binti yake, mchota maji, nilijivuna pamoja naye.

Mwaka mmoja jua lilizidi, na wakulima wa bustani za mtoni wakajaza pampu mbovu ukumbini kwetu. Mama akaongeza magunia, mawili mawili, hata upenyo haukubaki. Mchana tukasikia baba akiwasha pampu ndani ya karakana kuijaribu. Ilinguruma kwa muda mrefu, kisha mafuta yakaisha, ikanyamaza. Mama akaenda kumwita ale. Alipoyafungua magunia, moshi ulimtokea usoni, na baba alikuwa amelala kifudifudi sakafuni.

Watu walisema joto limemuua, wengine wakasema presha. Msibani binamu yake baba, aliyekuwa mtani wake, alijilaza mbele ya jeneza kama watani wafanyavyo.

"Hapiti mtu hapa," alisema. "Huyu mwanamke wa milimani kamfungia ndugu yetu baridi mpaka kafa."

Watu wakacheka, hata bibi alitabasamu huku akifuta machozi. Mama aliinuka, akaenda karakana, akayang'oa magunia yote kwa mikono yake. Shangazi zangu wakanong'ona kwamba hajui utani. Nilimwonea aibu, tena nilimkasirikia.

Tulihamia kwao Vugiri. Baridi ya kule huingia mifupani, lakini mama hakukubali tufunge dirisha tukilala. Tulitetemeka, tukanung'unika, naye akatuongezea blanketi tu. Nilidhani anamngoja baba.

Nilishakuwa na watoto wangu ndipo fundi alipokuja nyumbani kutengeneza jenereta. Kabla ya kuiwasha, aliikokota kwanza hadi nje.

"Dada, hii usiiwashe ndani hata siku moja," aliniambia. "Moshi wake unaua. Mtu analala tu, haamki."

Niliketi chini pale pale uani.

Mama alikwisha kuzikwa. Alikuwa amejua tangu alipoyafungua yale magunia, na hakumwambia mtu. Alikaa nalo moyoni peke yake miaka yote ile, na sisi wanawe tukimlalamikia baridi.