Mwosha Chupa na Pua Yake

Alikuwa ameosha chupa pale kiwandani kwa miaka tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza anaonaje chochote. Kiwanda chenyewe kilikuwa kidogo, karakana ya zamani ya useremala iliyopakwa chokaa upya, yenye milango ya bati na sakafu ya saruji inayoteremka kuelekea mtaroni. Upande mmoja ulisimama mtambo wa shaba, tumbo kubwa na shingo ndefu, ukisuguliwa kila Ijumaa mpaka mtu ajione meno. Upande wa pili, mbali kabisa, ndiko lilikokuwa sinki lake. Watu wa humo walikuwa watatu tu: bosi, mama aliyekuwa mfamasia kabla hajachoka kuuza vidonge; fundi wa mtambo, jitu la mabega mapana na sauti ya kuamrisha; na yeye, ambaye wote wawili walimwita Mama Chupa.

Walichotengeneza ni jini, ile pombe kali isiyo na rangi. Neno hilo lilimtesa sana mama mkwe wake.

"Mwanangu, hao majini mnawatoa wapi?" aliuliza kwenye simu siku ya kwanza aliposikia.

"Tunawapika, mama."

"Na hawatoroki?"

"Tunawafunga kwa vizibo."

Bibi akakata simu. Ikapita saa nzima ndipo akapiga tena, safari hii akitaka kuongea na mwanawe.

Mwanawe huyo, fundi cherehani, hakumwita mkewe Mama Chupa. Alimwita Pua. Pasi ikikaribia kuunguza kitambaa, mkewe alipiga kelele kutoka chumba cha pili kabla moshi haujatoka. Mteja akisahau kuandikisha jina, Pua alinusa kola ya shati na kusema, "Hili la yule mwalimu wa mafuta ya nazi." Wala hakukosea. Kuhusu pombe, hakuwa mnywaji. Tumbo lake liliikataa tangu usichanani. Kazi kwake ilikuwa maji ya moto, brashi ndefu na povu hadi viwikoni.

Basi Jumanne moja asubuhi walianza kujaza chupa kutoka tangi la pili. Ulikuwa mzigo wa kwanza wa hoteli moja kubwa, iliyokubali kuweka jini yao kwenye baa zake zote iwapo meneja angeipenda. Mama Chupa akajaza chupa ya kwanza, akainua ya pili, mkono ukasimama. Akanusa. Akanusa tena. Harufu ya mreteni ilikuwepo, vile vitunda vya rangi ya buluu ambavyo bila hivyo jini si jini. Maganda ya chungwa yalikuwepo pia. Lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, kama kadibodi iliyoloa mvua ikaachwa ikauke chumbani.

"Fundi," aliita, "hii siyo."

"Siyo nini?"

"Siyo kama ya mwezi uliopita. Mkia umeingia humu."

Jini inapotiririka kutoka mtamboni hutoka kwa mafungu matatu. Kwanza kichwa, kinachonuka gundi, nacho hutengwa. Kisha moyo, ambao ndio unaouzwa. Mwisho mkia, mzito, wenye uvundo. Ufundi wote uko katika kujua ni wakati gani wa kukata moyo kabla mkia haujaingia, na anayeujua wakati huo ni pua. Mama Chupa hakufundishwa hayo na mtu. Aliyasikia tu mwaka baada ya mwaka, akiwa amewapa mgongo.

Fundi alicheka kicheko kikavu. "Mama Chupa, we osha. Mkia wa jini unaujulia wapi?"

Angeweza kunyamaza. Alikuwa na watoto wawili shuleni na mume ambaye cherehani yake ilikuwa nzima siku tatu kwa wiki. Hata hivyo akaifunga koki, akaweka chupa chini na kujifuta mikono kwenye aproni.

"Sijazi," alisema.

Bosi alitoka ofisini kwa sababu alisikia ukimya. Karakana ile haikuwa na kawaida ya kunyamaza. Akawasikiliza wote wawili. Akanusa chupa ile, akakunja uso, akanusa ya mwezi uliopita. "Mimi sioni tofauti," alisema. Fundi akanyoosha mabega. Lakini bosi alikuwa mfamasia, na mfamasia haamini mtu, haamini hata pua yake mwenyewe. Anaamini kipimo.

Akaleta glasi tatu ndogo. Akamgeuza Mama Chupa ukutani, akamimina kutoka matangi mawili, akazipanga mezani. "Ipi ya tangi la pili?"

"Ya katikati."

Akamgeuza tena. "Sasa?"

"Ya kushoto na ya kulia. Ya katikati ndiyo nzuri."

Mara ya tatu, ya nne, ya tano, kila mara bila kukosea. Fundi alikuwa ameacha kazi na kuegemea mlango. Mara ya sita Mama Chupa alinusa zote, akarudia, akarudia tena, halafu akaweka mikono kiunoni.

"Bosi, hapa unanichezea. Hawa wote watatu ni mama mmoja baba mmoja."

Bosi akaangua kicheko mpaka akashika meza. Alikuwa amemimina glasi zote kutoka tangi moja.

Fundi hakucheka. Alikwenda kuketi juu ya kreti, akaitazama mikono yake, na ile sauti ya kuamrisha ilipotoka ilikuwa imenywea. "Tangu ile homa ya miezi mitatu iliyopita, sinusi kitu. Hata kahawa naiona maji ya moto. Nimekuwa nikikata kwa saa ya ukutani na kwa kubahatisha, na sasa bahati imeniishia. Niliogopa kusema. Fundi wa jini asiye na pua, nani atamtaka?"

Mama Chupa alimtazama. Kwa miaka tisa mtu huyu alikuwa akimpita kama anapita ndoo. Dakika moja tu iliyopita alikuwa amejiandaa kufurahia kushindwa kwake, na sasa furaha hiyo haikuja. Akavuta kreti jingine akaketi kando yake.

"Fundi, homa ilichukua pua. Mikono haikuigusa," alisema. "Mimi hata kuwasha huo mtambo siwezi."

Jioni hiyo bosi alimpigia meneja wa hoteli kuomba wiki moja zaidi. Asubuhi yake wakairudisha jini yote ya tangi la pili mtamboni, pamoja na mreteni mpya na maganda mapya, waipike upya. Fundi alishika moto na maji ya kupoza. Mama Chupa alisimama mdomoni mwa bomba na glasi mkononi. Kichwa kilitoka kikinuka gundi, akapeperusha mkono: bado. Kikaja kitu safi, kikali, kama chungwa linalochunwa puani, akasema, "Sasa!" Fundi akageuza bomba. Walifanya hivyo hadi mchana ukapita, bila kula, yeye akinusa kila baada ya dakika chache na fundi akisubiri neno lake kama askari. Alipopata kwa mbali, kwa mbali sana, ile kadibodi, akasema, "Kata!" na fundi akakata kabla neno halijaisha.

Meneja alionja, akaonja tena, akauliza wamebadilisha nini. "Tumebadilisha nafasi ya watu," bosi alijibu. Hoteli ikachukua.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumrudisha sinkini. Akaanza kusema anachoona, na alikuwa na mengi. Iliki ilikuwa nyingi mno, inapiga kelele. Maganda makavu yamekufa. Watumie ya ndimu mbichi, yaliyochunwa asubuhi ile ile. Fundi alibisha kila neno, kisha akalijaribu kwenye mtambo mdogo wa majaribio. Walipika mara kumi na moja. Ya nane ilinuka sabuni na wakagombana siku mbili nzima. Ya kumi na moja, Mama Chupa alinusa, akafumba macho, akampa fundi glasi. Fundi hakunusa kitu, bila shaka, ila alimwangalia usoni na kusema, "Ni hii."

Bosi akapeleka chupa mbili kwenye mashindano ya jini, ambako viwanda vikubwa vilileta skrini kubwa za picha na wasichana waliovaa sare. Wao walikaa safu ya nyuma, Mama Chupa amevaa gauni la kijani aliloshona mumewe mshono kwa mshono, fundi amebanwa na koti la kuazima. Nafasi ya tatu ikatajwa, ya pili ikatajwa, wakaanza kukusanya vitu vyao. Ndipo ikasomwa ya kwanza, na fundi akaruka hadi kifungo cha koti kikamtoka.

Jukwaani, jaji mkuu, mzee mwenye miwani shingoni, alimshika Mama Chupa mkono. "Mkono wa nani uliokata moyo huu? Sijapata kuona usafi kama huu."

"Mkono ni wake," alisema akimwonyesha fundi. "Pua ni yangu."

"Ulisomea wapi?"

"Kwenye sinki."

Ukumbi mzima ulicheka, kisha ukasimama na kupiga makofi, na hawakuacha haraka. Alishika nishani kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Akashuka, akatoka barazani na kumpigia mumewe. Alisikia cherehani ikisimama.

"Vipi, Pua?"

"Wa kwanza."

Mumewe akapaza sauti kuwaambia wateja wote dukani, na kelele zilizozuka huko zilimfanya asogeze simu mbali na sikio, huku akicheka na kulia kwa pamoja.