Taa Tisa za Bi Raheli

Hebu sogea karibu, msikilizaji wangu, nikueleze taratibu. Enzi zetu hapa Diani, bendera ya uhuru ingali mpya, nazi haikuwa na kitu cha kutupwa. Mama alikuna, akakamua tui, akalichemsha mpaka mafuta yakaelea. Machicha yalikuwa ya kuku, makumbi ya kuchochea moto. Nasi watoto tulikua na amri moja: "Chumba hakina mtu? Zima taa!"

Mama alimfulia nguo Bi Raheli, Myahudi aliyehamia jirani kutoka Nairobi. Desemba moja alitualika kwenye Hanuka, sikukuu yao ya siku nane. Mishumaa haikupatikana, basi Mama akampelekea mafuta yake na vifuu tisa vya nazi, zile nusu zisizo na macho ya kuvuja: vinane vya sikukuu, kimoja cha kuwashia vingine. Tambi tulisokota kwa pamba. Kila magharibi taa moja iliongezwa. Tulikula viazi vilivyokunwa na kukaangwa, maganda tukawapa mbuzi, tukazungusha pia yao ya kuchezea, ya pande nne, ambayo, wallahi, haikuzunguka kama zetu.

Siku ya nane taa zote zilipangwa dirishani, na wakubwa wakatoka uani kuzitazama. Mimi nikapita ndani. Hamna mtu, na taa tisa zinakula mafuta! Nikazipuliza zote, fuu! fuu!, nikajiona mtoto mwema kuliko wote.

Huko nje wakaona dirisha giza. Mama akaingia mbio, Bi Raheli nyuma yake. "Mwanasha! Wataka nifukuzwe kazi?"

"Nahifadhi mafuta, Mama," nikajibu, machozi yakinitoka. "Bi Raheli, niwie radhi."

Bi Raheli akacheka mpaka akakaa chini. "Mama Mwanasha, huyu umemlea barabara! Sikukuu yenyewe ni ya mafuta machache ya taa ya hekalu, yaliyodumu kwa muujiza siku nane. Ila taa hizi, mwanangu, si za kufanyia kazi. Ni za kutazamwa tu, mpaka zizimike zenyewe. Njoo uziwashe." Akamgeukia Mama: "Na kesho uje mapema, nguo ni nyingi."

Mama akapumua.

Siku hizi wajukuu wangu huwasha taa kila chumba mchana kutwa, kisha huinamia simu wakisoma habari za mazingira. Taa zote hizo, na hakuna anayezitazama.

Basi jioni ya leo, zima taa za vyumba vitupu. Ila ile ya dirishani, chungulia nje kwanza.