Nilimsaka injinia wa kale Marshalltown, kumbe ushahidi niliusaga mwenyewe Doornfontein

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenitokea mimi, sikusimuliwa, na sehemu ya aibu sitaikata.

Mimi ni Mtanzania wa Tanga, fundi wa kuchomelea vyuma hapa Johannesburg. Nalala Berea, kazi yangu iko Doornfontein, kwenye karakana ya Papa Mulamba, Mkongomani wa Lubumbashi. Tunatengeneza mageti na madirisha. Tuko mafundi sita, na sote mkate wetu unatoka humo.

Mwaka huu mwenye jengo akatuletea notice ya kuhama. Anabomoa, anajenga vyumba vya wanafunzi.

Siku hizo hizo akaja mteja, mhadhiri wa chuo cha jirani, kuchukua geti lake. Akatazama juu, akalisahau geti.

Paa letu ni la mabati mepesi, lakini limebebwa na boriti nane za chuma, nene, za kupigwa ribiti, zenye matundu kibao yasiyo na kazi.

"Hizi hazikutengenezwa kwa paa," akasema. "Hizi ni za daraja."

Akatueleza habari za injinia mmoja Mwingereza wa enzi za Malkia Victoria, mjenzi wa madaraja ya chuma na minara ya taa, aliyekuwa akituma kazi zake kwa meli, vipande vipande. (Jina naliacha, limeshanichosha. Nitamwita Injinia.) Tukithibitisha boriti ni zake, idara ya majengo ya kale inaweza kuzuia ubomoaji. Akaahidi kurudi wiki inayofuata na kamera.

Utafiti nikapewa mimi, kwa kuwa ndiye ninayeweza kusoma Kiingereza kirefu bila kusinzia.

Wakuu, yule mzee amenitesa, na amekufa zamani.

Ofisi ya nyaraka Marshalltown: dirisha la kwanza wanakutuma la pili. La pili wanataka barua. Barua inatolewa dirisha la kwanza.

Ukipata kabrasha, ni minara ya taa tu. Huu umesimama juu ya mwamba, ule taa yake inazunguka. Mimi nimekulia pwani, mnara wa taa haunishtui. Natafuta daraja! Kurasa nzima za vioo vya taa, halafu kazi za kusini mwa Afrika zinapewa mstari mmoja: "na nyingine ndogo ndogo".

Siku ya tano nikapata nakala ya barua yake kwa wapakiaji. Anaagiza kila boriti igongwe alama kwenye vichwa vyake viwili: mnara mdogo wa taa, na namba pembeni, ili mafundi wa huku wajue kipi kinaungana na kipi.

Nilirudi mbio. Kama kulikuwa na robot nyekundu njiani (ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani), sikuiona.

Nikaweka ngazi, Papa Mulamba akaishika. Kichwa cha boriti ya kwanza kinang'aa kama sinia la harusi. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu hivyo hivyo.

Hapo nikakumbuka.

Mhadhiri alipoahidi kuja na kamera, mimi nilipanda na grainda nikasafisha vichwa vyote vinane vilivyo wazi, kwa mpangilio, kutoka mlangoni hadi nyuma, mpaka chuma kikawa cheupe. Fundi haonyeshi mgeni kutu. Ndivyo nilivyofundishwa.

"Unaona kamnara?" Papa akauliza.

"Papa, nilipasafisha."

Akaigeukia grainda. Kisha: "Eish! Disques mbili za grainda ulinimalizia. Mbili! Mimi nikasema, acha, huyu Mtanzania iko na akili ya usafi."

"Vichwa vya upande wa pili vimo ndani ya ukuta."

"Basi tuombe Mungu huko hukufika."

Mhadhiri alipokuja na kamera yake alicheka, kisha akatuandikia barua kwa idara. Wakamtuma ofisa, mama mpole mwenye faili. Akapanda, akatazama usafi wangu, akashuka.

"Kuona alama ni lazima ukuta utobolewe," akasema.

"Tutoboe leo," nikasema, nyundo tayari mkononi.

"Hapana. Tangu barua yenu ipokelewe, hakuna kugusa jengo mpaka tuamue."

"Mtaamua lini?"

"Tukishaona alama."

Nilimuuliza mara tatu, nikidhani Kiingereza changu ndicho kibovu. Jibu lile lile. Nilitaka kulia.

Ndipo Papa Mulamba akasogea taratibu. "Mama, na mwenye jengo? Yeye anaweza kugusa?"

"Naye haruhusiwi."

Papa akamvutia kiti, akamfungulia soda.

Alipoondoka, Papa akanigeukia: "Weye, usiandike email hata moja ya kuwaharakisha. Achana nao."

Kwa hiyo tupo, tunachomelea mageti chini ya boriti zisizojulikana ni za nani. Wenzangu wanashangilia. Mimi kila asubuhi nautazama ule ukuta, na nyundo iko pale pale.

Nilichojifunza: kitu cha kale kisome kwanza, usafi baadaye. Kutu nayo ina maandishi.

Mwenye uzoefu na ofisi za namna hii aweke hapa. Ila anayetaka kuandika "ungepiga picha kwanza", apumzike. Papa Mulamba ananiambia kila siku saa ya chai.